Kreni ya mnara: mashine imejua kupima mzigo, pini bado ni za mkono

Ukiambiwa kreni ya mnara ni "ya tani 8", bado hujaambiwa kitu. Tani 8 kwa umbali gani? Chukua mfano wa mashine ya ukubwa wa kawaida, mkono wa mita 60, inayobeba tani 8 mpaka mita 12.5 kutoka katikati ya mnara. Toroli (kigari kinachotembea kwenye mkono) na kulabu vina uzito wa kama nusu tani, kwa hiyo kinachoning'inia ni tani 8.5. Zidisha kwa 12.5, unapata tani-mita 106.25. Hiyo ndiyo mali yote ya kreni. Ukienda mita 30, gawanya 106.25 kwa 30, toa nusu tani ya toroli na kulabu, unabaki na tani 3 na kidogo. Ukienda nchani, mita 60, unabaki na tani 1.27. Mashine ya tani 8 inabeba tani moja na robo. Jedwali la kiwanda litatofautiana kidogo na hesabu hii, na saiti linafuatwa jedwali, si hesabu ya simu ya mtu. Ila ukiielewa hesabu hii utajua kwa nini mzigo wa tani 3 ulionyanyuka bila shida kwenye mita 30 unakuwa kosa kubwa mita nne mbele, bila mtu kuongeza hata nondo moja.

Juhudi nyingi za wahandisi wa kreni zimeelekezwa hapo: mashine ijue hesabu hiyo yenyewe, isimtegemee opereta aliyechoka saa kumi jioni. Kwa maoni yangu kazi hiyo imefanyika vizuri. Tulikobaki nyuma ni kwenye siku ambazo kreni hainyanyui chochote cha jengo: siku ya kuisimamisha, kuiongeza kimo na kuishusha.

Tuanze na kilichofanikiwa. Kidhibiti momenti (momenti ni ule uzito mara umbali) cha zamani ni kifaa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Vyuma bapa viwili vilivyopinda kama upinde hufungwa kwenye nguzo mojawapo ya kichwa cha mnara, vikitazamana. Mzigo ukivuta mkono chini, nguzo hiyo hurefuka au hufupika kwa sehemu ndogo ya milimita. Pinde zinaukuza mwendo huo, na skrubu inagusa swichi ndogo. Swichi ya kwanza hupiga kengele kwenye asilimia 90 hivi. Ya pili hukata umeme wa kunyanyua na wa kupeleka toroli nje. Kushusha mzigo na kurudisha toroli ndani vinabaki vinafanya kazi, na hilo ni la makusudi: opereta aliyezidisha lazima abakiwe na mlango wa kutokea. Kwenye kreni ambayo mkono wake unainuka na kuinama, kinachokatwa ni kuinamisha mkono, kwa sababu kuinama ndiko kunakoongeza umbali.

Kifaa hicho kina maradhi matatu. Skrubu inalegea kwa mtikisiko. Maji yanaingia kwenye kifuko cha swichi, na huku pwani chumvi inamalizia. La tatu ni binadamu: ndoo ya zege haipiti, mtu anapanda na spana, anazungusha skrubu "kidogo tu", na tangu hapo kreni inaishi na uongo huo. Mashine mpya hutumia pini ya kupimia, yaani pini ya kapi yenye vihisi ndani yake, pamoja na visomaji vya umbali wa toroli, kimo cha kulabu na pembe ya mzunguko. Kompyuta inalinganisha na jedwali kila mara na kumwonyesha opereta uzito halisi kwenye kioo. Wauzaji hupenda kukisifia kioo. Mimi naona faida kubwa ni kumbukumbu: kila mara kikomo kilipofikiwa, tarehe na uzito vinabaki humo, na fundi wa spana hana pa kujificha.

Lakini kompyuta nayo inaambiwa. Inaambiwa mkono una urefu gani na kamba imepita mikondo mingapi, yaani vipande vingapi vya kamba vinabeba kulabu kwa pamoja. Kreni iliyotoka saiti ya mkono wa mita 45 ikafungwa mkono wa mita 60 bila kubadilisha mpangilio, itaruhusu mizigo ambayo haipaswi kuiruhusu. Vivyo hivyo ukiwa na mikondo minne huku kompyuta ikidhani ni miwili: pini inapima mvuto wa kamba moja, kompyuta inazidisha kwa mbili badala ya nne, na tani 6 zinasomeka 3. Kosa la kinyume chake, kudhani minne wakati ni miwili, linazuia kazi tu, na opereta atalipigia kelele mwenyewe. Kosa la hatari ndilo lisilolalamikiwa.

Kwa hiyo jaribio la uzito halisi halina mbadala. Mimina bonge la zege la mita za ujazo 1.25, litakuwa na tani 3 hivi, lakini lipitishe kwenye mizani ya malori ujue kamili, uandike kwa rangi ubavuni. Kwa kreni ya mfano wetu, bonge hilo linaruhusiwa mpaka mita 30.4. Linyanyue karibu na mnara, lipandishe sentimita 20 kutoka chini, kisha sogeza toroli nje kwa mwendo wa chini kabisa. Kengele inapaswa kulia kabla ya mita 30, na mwendo kukatwa kabla ya mita 33, ambapo mzigo umefika asilimia 110 ya unaoruhusiwa. Rudia mara tatu. Kama mara ya kwanza imekata mita 31 na ya pili mita 33, tatizo si marekebisho ya skrubu. Kuna kitu kimelegea, kitafute. Halafu fanya tena na uzito mdogo nchani, maana kifaa kinaweza kusema kweli katikati na kudanganya mwisho.

Hatua ya pili kubwa ni inverta kwenye mota, yaani kifaa cha umeme kinachodhibiti kasi yake. Mota za zamani zilikuwa na mwendo wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kila ukibadilisha, kreni nzima inatikisika. Mtikisiko huo ni mzigo wa ziada ambao hauko kwenye jedwali. Inverta inaanzisha mwendo polepole na kuumaliza polepole. Pia inatumia nguvu ileile kwa akili. Mota ya kilowati 37, ukitoa upotevu wa gia wa asilimia 15 hivi, inapandisha tani 8 na kulabu lake kwa mita 22 kwa dakika; ukiwa na tani 2 inaweza kufika mita 75 kama gia na dramu vinaruhusu. Kwa jengo la ghorofa 25 tofauti hiyo unaiona kwenye ratiba ya zege.

Hata hivyo inverta haikuondoa kazi ya mkono wa opereta. Kreni ikiwa tupu, mnara wake umeegemea nyuma kidogo, kwa sababu ya mabonge ya zege ya kusawazisha yaliyo kwenye mkono wa nyuma. Mzigo ukikamata, mnara unanyooka na kuinama mbele, na ncha ya mkono inashuka. Ndiyo maana mzigo mzito uliofungwa sawasawa chini ya kulabu huchomoka kwenda nje mara tu unapoachana na ardhi, na aliyesimama upande huo ndiye anayeumia. Dawa yake: kaza kamba kwa mwendo wa chini, simama, rudisha toroli ndani kidogo, ndipo uachanishe mzigo na ardhi, sentimita 20 au 30, uushikilie, uangalie kama breki inakamata na kama fungo limekaa sawa.

Inverta ina tatizo jingine ambalo saiti za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinalijua, hasa zile zinazotumia jenereta. Mzigo unaposhuka, mota inageuka kuwa jenereta na umeme wake lazima uende mahali. Kawaida unachomwa kwenye rezista kubwa za breki, zile zilizo kwenye sanduku lenye matundu karibu na winchi. Rezista ikikatika, au matundu yakizibwa na vumbi la saruji mpaka ikaungua, volti za ndani zinapanda, inverta inajizima kujiokoa, na breki ya chuma inakamata mzigo ukiwa kwenye kasi. Opereta atakuambia "kreni inajizima yenyewe ikishusha". Wengi wanakimbilia kubadilisha inverta. Pima rezista kwanza. Kama inajizima ikipandisha badala ya kushusha, angalia upande wa pili: waya mrefu na mwembamba kutoka jenereta hadi juu ya mnara, volti zinazoanguka mota inapoanza. Pima kwenye paneli ya juu, mzigo ukiwa kwenye kulabu. Kipimo kilichochukuliwa chini ya mnara, kreni ikiwa imetulia, hakikuambii lolote.

Sasa upepo, ambao hauna swichi. Msukumo wake kwa kila mita ya mraba ni 0.613 mara kasi mara kasi, kasi ikiwa mita kwa sekunde na jibu likiwa niutoni. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Viwanda vingi vinaweka kikomo cha kufanya kazi kwenye mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa, na watu wanaisoma namba hiyo kama ruhusa ya kila mzigo. Si hivyo. Chukua paneli ya fomweki (ukuta wa muda wa kumiminia zege) ya mita 3 kwa 6, uzito kilo 900, kwenye upepo wa mita 12 tu kwa sekunde. Msukumo ni niutoni 88 kwa mita ya mraba. Mara eneo la mita 18, mara 1.2 kwa ajili ya umbo bapa, ni kama kilo 190 za kusukuma kando. Paneli itaning'inia kwa pembe ya nyuzi 12, na kama kamba ina mita 30 chini ya mkono, imehama zaidi ya mita 6 kutoka pale kulabu lilipopaswa kuwa. Kreni iko salama kabisa. Walio kwenye sakafu ndio hawako salama. Kwa hiyo kikomo cha upepo kiandikwe kwa kila aina ya mzigo, na kipimaupepo kikae juu kabisa ya kreni. Kilichofungwa kwenye paa la ofisi ya saiti kinapima kitu kingine.

Usiku na siku ya dhoruba, kreni haishindani na upepo. Breki ya mzunguko inaachiwa, mkono unageuka wenyewe kufuata upepo kama bendera, mzigo wowote umeondolewa, kulabu limepandishwa juu, toroli iko pale kitabu cha mashine kinapoelekeza. Kanuni za Ulaya za usanifu wa kreni, FEM 1.001, zinahesabu mashine iliyolala kwa upepo wa mita 42 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 20 hadi 100, na hesabu hiyo inachukulia kwamba mkono uko huru. Ukiifunga breki, upepo unaoupiga mkono ubavuni unakuta eneo lote la mita 60. Jirani akilalamika kwamba mkono unapita juu ya paa lake usiku, jibu si kufunga breki wala kuufunga mkono kwa kamba kwenye nguzo ya jengo. Jibu lilipaswa kutoka wakati wa kuchagua mashine: mkono mfupi zaidi, au kreni ya mkono unaoinuka, ambayo ikilala inachukua eneo dogo. Hiyo nayo ina pembe yake ya kulala. Ukiuinua kupita hapo haufuati upepo vizuri na unaweza kusukumwa ukaangukia nyuma.

Na mabango. Mkono wa mbele unafuata upepo kwa sababu upepo unaushika zaidi kuliko mkono wa nyuma. Bango kubwa la mkandarasi likifungwa nyuma, kwenye mabonge ya zege, linapunguza tofauti hiyo na kreni inaanza kusimama vibaya. Kiwanda kinataja eneo la bango linaloruhusiwa na mahali pake, na ni dogo kuliko idara ya masoko inavyotaka.

Saiti yenye kreni mbili au zaidi inahitaji mfumo wa kuzuia kugongana. Kila kreni inazitangazia nyingine kwa redio pembe yake, umbali wa toroli na kimo cha kulabu, na kompyuta inapunguza mwendo kabla mikono haijakutana. Sababu yake inaonekana kwenye hesabu fupi: mkono wa mita 60 ukizunguka 0.7 kwa dakika, ncha inakwenda mita 4.4 kwa sekunde, na ukiupa sekunde tano kusimama taratibu umeshasafiri mita 11. Jicho la opereta aliye mita 60 mbali haliwezi kupima hilo. Mfumo huohuo unaweza kukataza mzigo kupita juu ya barabara au shule.

Kamba ya nyuzi badala ya kamba ya waya, ambayo watengenezaji wa kreni Liebherr waliitoa kwenye kreni zao mwaka 2019, ina uzito wa kama moja ya tano ya chuma, na kila kilo isiyo kwenye kamba inaongezeka kwenye mzigo wa nchani. Ni jambo zuri. Kwa kreni zilizotumika ambazo ndizo nyingi Afrika Mashariki, ningeweka fedha kwanza kwenye kipimaupepo, pini ya kupimia na spana ya kupima mkazo.

Spana hiyo ndiyo inatupeleka kwenye upande uliobaki nyuma. Nguzo za mnara huunganishwa kwa pini au kwa bolti za daraja 10.9 (kiwango cha uimara wa chuma), na bolti ya M36, yenye kipenyo cha milimita 36, inakazwa kwa zaidi ya niutoni-mita 2,000. Kitabu cha mashine kinatoa namba kamili. Kwa nini mkazo wote huo? Kreni inapozunguka, nguzo iliyokuwa inavutwa inageuka kuwa inayokandamizwa, kisha inavutwa tena, mamia ya mara kwa siku. Bolti iliyokazwa sawasawa inabaki kwenye mvuto ule ule karibu muda wote. Bolti legevu inapokea kila mzunguko mzimamzima, na chuma kinachoka kama waya unaopindwa huku na huko. Septemba 2006, Battersea, London, sehemu ya juu ya kreni ilianguka baada ya bolti za duara la mzunguko kukatika kwa uchovu wa chuma. Watu 2 walikufa. Bolti za mashine hiyohiyo zilikuwa zimekatika kabla ya hapo, zikabadilishwa. Bolti moja ikikatika, swali ni kwa nini, na jibu likikosekana kreni isiguse mzigo.

Kuongeza kimo ndiyo kazi nyeti kuliko zote. Kizimba cha kupandia kinauzunguka mnara, kinafungwa chini ya sehemu inayozunguka, na jeki ya haidroliki inasukuma kila kitu kilicho juu ili kipande kipya cha mnara kiingie kwa upande. Wakati huo bolti za juu zimetolewa. Kinachozuia kichwa chote kisipinduke ni usawa wake na roda (magurudumu madogo) za kizimba. Usawa unatafutwa kwa kutundika uzito unaojulikana, mara nyingi kipande kingine cha mnara, na kusogeza toroli mpaka nafasi kati ya roda na nguzo ilingane pande zote nne. Alama nzuri ni bolti za mwisho: zikitoka kwa mkono, umesawazisha; zikihitaji nyundo, bado. Baada ya hapo hakuna kuzungusha, hakuna kunyanyua, hakuna kusogeza toroli, mpaka kipande kipya kimefungwa bolti zote na kukazwa. Mashine mpya zina hali ya kupandia inayofunga miendo hiyo, na baadhi zina vihisi kwenye meno ya jeki vinavyothibitisha yamekaa kwenye vishikio vya mnara. Kwenye mashine ya zamani, mtu mmoja anayatazama meno kwa macho kila jeki inapobadilisha hatua, na hana kazi nyingine.

Geji ya haidroliki nayo isomwe. Uzito wa juu ukiwa tani 45 na jeki ina kipenyo cha milimita 200, shinikizo linapaswa kuwa karibu baa 140. Ikipanda ghafla kufika 190, hakuna uzito ulioongezeka. Kizimba kimekwama mahali, au bolti moja imesahaulika. Simama, usiongeze pampu.

Machi 2008, New York, kola ya chuma ya tani 5 hivi ya kushikilia mnara kwenye jengo ilianguka wakati wa kuongeza kimo kwa sababu slingi za kitambaa zilizoishikilia zilikatika. Watu 7 walikufa. Aprili 2019, Seattle, kreni ilikuwa inashushwa. Pini za vipande vingi vya mnara zilitolewa mapema, zote kwa pamoja, ili kazi iende haraka. Mnara usio na pini unabeba uzito wa kwenda chini vizuri tu, unasimama, unaonekana mzima, lakini hauwezi kushikilia mvuto wa upande mmoja. Ukavuma upepo, ukaanguka barabarani, watu 4 wakafa, wawili kati yao wakiwa ndani ya magari. Hakuna kihisi kwenye kreni hiyo ambacho kingelia, kwa sababu hapakuwa na mzigo wa kupima.

Kwa hiyo katika mpango wa kushusha, andika pini za kipande gani zinatolewa saa gani, moja baada ya nyingine, na zipakwe rangi tofauti kwa kila kipande. Mtu aliye chini mwenye darubini ya bei ndogo anazihesabu kabla ya kila mnyanyuo: vyote vilivyo chini ya kipande kinachotolewa lazima vionyeshe pini zote na vifungio vyake. Akiona tundu tupu, anapiga filimbi na kazi inasimama.